Jani la Mbalungi

"Nileteeni jani lolote," alisema Darubini, akilishika lile jani lililonyauka kwa ncha za vidole viwili kama sonara anavyoshika pete ya mtu mwingine, "nami nitawaambia limetoka mti gani, shamba la nani, na mwenye shamba jana alilalia ubavu upi."

Askari wawili wa zamu walicheka kwa adabu. Jina la Darubini sajini huyu alijipa mwenyewe, akalitangaza kila kona mpaka watu wakaona kulikataa ni kazi kubwa kuliko kulitumia. Hata mkewe alilitumia. Akitaka kumtuma sokoni alianza na "Darubini wangu", na hapo vitunguu vilikuwa vimeshapata mbebaji.

Lakini asubuhi hiyo ya Alhamisi kicheko hakikufika mbali. Kwenye benchi la mapokezi alikaa mwanamume mwenye miwani, amebana kwa magoti kimkoba chenye vipande vya barafu. Ndani yake mlikuwa na sindano na dawa ya kisukari. Dawa hiyo ilikuwa ya mkewe, Mkaguzi wa mimea, aliyetoka nyumbani Jumatatu na dozi ya siku moja tu mkobani, akaenda kazini, asirudi. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu siku ile. Hospitali walimweleza mume bila kumung'unya maneno: mtu wa kisukari cha aina hiyo akikosa sindano, hamalizi wiki. Mume hakuuliza tena kama wamempata. Kila mlango ulipofunguliwa alinyanyua macho, kisha akayashusha.

Gari la Mkaguzi lilikuwa limepatikana alfajiri ile stendi ya mabasi. Lilifungwa vizuri na vioo vilikuwa juu. Chini ya kapeti ya dereva palikuwa na jani moja lililojikunja, na juu ya jani hilo ulipita mstari mwembamba wa rangi ya fedha, unaopinda na kurudi kama njia ya mlevi.

Mstari ule hakuna mkulima wa pande zile asiyeufahamu. Ulikuwa kazi ya nondo mmoja mdogo sana, ambaye viwavi wake waliishi ndani ya majani ya miche ya michungwa na kuichakaza. Kitalu kikionekana kimeingiliwa, Mkaguzi alikuwa na uwezo wa kuamuru miche yote ing'olewe na kuchomwa moto. Jumatatu alikuwa aende kwenye kitalu kikubwa kuliko vyote. Mwenye kitalu hicho alishawahi kusema, mbele za watu, kwamba atakayechoma miche yake atazikwa shimo moja nayo. Alikuwa mahabusu tangu Jumanne asubuhi.

"Kesi imejifunga yenyewe," Darubini alisema. "Jani la mchungwa, ugonjwa wa michungwa, mwenye michungwa ndani. Imebaki aseme kamficha wapi."

Mkuu wa kituo, mama mpana mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuhitaji kuisikia mara mbili, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mtaalamu amefika," alisema. "Mpe jani."

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti aliyevaa raba zenye vumbi, begani ana mfuko wa turubai. Alikuwa daktari wa wadudu kutoka kituo cha utafiti, na Mkaguzi ndiye aliyemfundisha kazi. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Ni la mchungwa," Darubini alimwambia kabla hajakaa. "Wewe thibitisha tu, tukamkalie mtu kooni."

"Habari za asubuhi kwanza," Daktari alisema. "Naomba kisahani na maji ya vuguvugu."

"Unataka chai?"

"Nataka kisahani. Jani lako limejikunja, na mimi sisomi barua iliyofungwa."

Kisahani kililetwa. Aliliweka jani lielee juu ya maji, akaketi kulitazama, na wote wakainama pamoja naye. Kwa muda halikufanya kitu. Kisha ukingo mmoja ulianza kulegea, polepole, kama mtu anayeamka asiyetaka kuamka. Mstari wa fedha ulinyooka. Katikati yake palionekana uzi mweusi.

"Huo weusi nini?" Mkuu aliuliza.

"Kinyesi chake, Afande. Kiwavi anakula huku anatembea, na choo chake ni humo humo njiani."

"Kama askari wa barabarani," alinong'ona mmoja wa wale wa zamu. Mkuu alimtazama, naye akakumbuka kwamba alikuwa na shughuli nje.

"Mama yake ni nondo mdogo kuliko punje ya mchele," Daktari aliendelea. Darubini, ambaye nondo alizozijua vizuri ni zile za kumwagia zege, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyewafuga. "Anataga yai kwenye jani changa tu. Kiwavi anaingia kati ya ngozi mbili za jani, hatoki mpaka akue. Na hali kila kitu. Mpe jani la mwembe atakufa njaa. Chakula chake ni ukoo wa michungwa: mlimau, mdimu, mchenza, na ndugu zao."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Wewe umesema mchungwa, Sajini. Tazama kikonyo."

Kwenye shina la jani, pale lilipokuwa limejikunja kama ngumi, palikuwa pamefunguka kijani kingine kidogo, kipana, chenye umbo la moyo. Ilikuwa kana kwamba jani limebeba mtoto mgongoni.

"Mchungwa nao una bawa hapa, lakini jembamba, halifiki popote. Hili ni pana kama kidole gumba. Geuza, pitisha kidole chini. Unasikia manyoya? Huu ni mbalungi. Kwenye kile kitalu hakuna mbalungi hata mmoja. Nimekikagua na Mwalimu wangu zaidi ya mara moja."

Askari aliyebaki wa zamu alikohoa.

"Na mwenye shamba," aliuliza kwa unyenyekevu mkubwa, "jana alilalia ubavu upi?"

Darubini alijitia hamnazo. Daktari naye hakucheka. Alikuwa bado ameinamia kisahani, kioo cha kukuzia kimegusa nyusi.

"Kuna jambo la pili," alisema. "Jani hili lilikuwa changa. Afande, miti ya hapa imechipua lini mara ya mwisho?"

Mkuu alitazama dirishani. Nje, ua wa kituo ulikuwa vumbi tupu, na mti wa kivuli ulikuwa umebaki na majani machache ya kukaidi. Mabomba yalitoa maji kwa zamu, mtaa baada ya mtaa, na watu walikuwa wakioga kwa kikombe.

"Haijachipua," alisema.

"Mti wenye kiu hautoi jani jipya. Na bila jani jipya nondo huyu hana pa kutaga. Kwa hiyo mahali fulani kuna mbalungi unaomwagiliwa maji kila siku, unakatwa matawi ili uchipue tena na tena. Mtu anafanya hivyo kusudi. Mwalimu wangu aliukuta mti huo. Au mti ulimkuta yeye."

Mkuu alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mahabusu.

Mwenye Kitalu alikuwa mtu mfupi wa viganja vipana, vidole vyenye makovu ya kisu cha kupandikizia. Alipowaona wanaingia alinyanyua mikono kabla hajaulizwa.

"Sijui alipo. Jana sikujua, juzi sikujua. Huyu sajini wenu akiniuliza mara moja zaidi nitaanza kujitilia shaka mwenyewe."

"Hatuulizi hilo," Mkuu alisema. "Umewahi kupandikiza mbalungi?"

Mtu yule alishusha mikono. Alimtazama Mkuu, kisha Daktari, kama aliyekaribishwa kiti baada ya kusimama safari nzima.

"Hapo sasa ndiyo mmeniuliza kazi yangu. Mbalungi haununuliwi, mama. Mti mkubwa, tunda lote ganda, ukimaliza kumenya unabaki umeshika aibu. Nilipandikiza mmoja tu maishani, kwa oda."

"Ya nani?"

"Muuza Dawa."

"Muuza dawa yupi?"

"Wa dawa za mimea. Huyo huyo aliyekuja kuwaambia kwamba nilimtishia Mkaguzi." Alimgeukia Darubini. "Nilimtishia, ndiyo. Mimi hata mvua naitishia. Sasa nilimuuliza yule bwana, mbalungi wa nini? Akasema mke wangu anapenda harufu ya maua yake. Nikamwambia una bahati, wangu anapenda harufu ya sabuni. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka, hivi huyu si hana mke?"

Daktari alimgeukia Mkuu.

"Yeye anauza dawa ya nondo huyu," alisema polepole. "Anapita vitaluni kuonyesha inavyofanya kazi. Na kila alikopita, baada ya muda mfupi sisi tunapigiwa simu kwamba nondo wameingia. Tulidhani anawahi kwenye shida. Afande, alikuwa anaipeleka yeye. Anawafuga. Anabeba majani yenye viwavi mfukoni, anayaacha kwenye miche ya watu, kisha anarudi na dawa."

"Na mbalungi?"

"Jani lake ni pana. Moja linabeba viwavi wengi. Kwa mfugaji ni zizi zuri. Kosa lake ni kwamba huku hakuna mtu mwingine anayeupanda."

"Mtoeni huyu nje apate hewa," Mkuu alimwambia mlinzi, "lakini asiende mbali." Kisha akamgeukia Darubini. "Nyumba ya Muuza Dawa iko mtaa upi?"

Darubini alijua mtaa upi. Jumanne, walipogawana mitaa ili kupekua nyumba kwa nyumba, ule ulikuwa wake. Jioni ya siku ile, kwenye gwaride, mbele ya kituo kizima, alitangaza kwamba ameingia kila nyumba, chumba kwa chumba, mpaka chini ya vitanda. Sasa alijaribu kuikumbuka nyumba ya Muuza Dawa. Geti alilikumbuka, lilikuwa la bluu. Alichoshindwa kukumbuka ni kitu chochote kilichokuwa nyuma ya geti.

"Mtaa wa ghala la zamani, Afande."

"Ulikuwa wako."

"Ndiyo, Afande."

"Uliingia ndani?"

"Niliingia, Afande."

Mkuu alimtazama kidogo. "Basi kama yumo, ameletwa baadaye."

"Itakuwa hivyo," Darubini alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa ulaini wake.

Walipokuwa wakipanda gari, mume wa Mkaguzi aliwakimbilia. Hakuomba kwenda nao. Alimpa Daktari kile kimkoba mikononi.

"Nimebadilisha barafu asubuhi hii," alisema. Basi.

Gari la wagonjwa lilifuata nyuma yao, king'ora kimezimwa.

Nyumba ilikuwa na duka mbele, limefungwa, na geti la bluu ubavuni. Kando ya geti, ndani, palionekana ukuta wa stoo wenye kijidirisha cha hewa karibu na paa. Muuza Dawa alifungua mwenyewe. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na tabasamu nalo kama lililopigwa pasi.

"Karibuni, Afande. Ah, Sajini wangu. Leo umerudi na ukoo mzima."

Mkuu alimpa hati ya upekuzi. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, bila haraka, kisha akaikunja vizuri na kuirudisha.

"Pekueni. Nyumba ni yenu. Ila nashangaa kidogo, maana Sajini alishapekua Jumanne. Mtu makini sana huyu. Hakuacha kitu." Akamtazama Darubini usoni, kwa upole, kama mtu anayemrushia mwenzake kamba bila kumwambia ni ya kumvuta au ya kumnyonga.

Darubini alitazama viatu vyake.

Mbalungi ulikuwa uani. Kila kitu kingine pale kilikuwa kimekauka, hata magugu, lakini mti ule uling'aa kama umepakwa mafuta. Ulikuwa umezungushiwa wavu mwembamba toka chini hadi kileleni, na mpira wa maji ukidondosha tone baada ya tone kwenye shina. Matawi yake yalikatwa, yakachipua, yakakatwa tena. Na hakukuwa na jani changa hata moja lisilochorwa mistari ya fedha. Daktari aliinua wavu, akaingia. Vijidudu vyeupe viliruka kumzunguka, vidogo mno, kama majivu yaliyopulizwa, kisha vikatua. Alitoa lile jani la kituoni kutoka kwenye kikasha, akalishikiza kando ya jani la mti. Yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Majaribio," Muuza Dawa alisema. "Mtu anayeuza dawa lazima aijaribu. Siku hizi kuwa na mti ni kosa?"

"Mkaguzi alifika hapa?"

"Alifika, sikatai. Jumatatu. Akatazama mti, akaniuliza maswali mawili matatu, akaondoka na gari lake. Jani litakuwa lilimnasa kwenye kiatu."

Lilikuwa jibu zuri. Mkuu aliwaashiria watu wake waingie ndani.

Walipekua. Sebule, hakuna. Chumba cha kulala, kitanda kimoja kimetandikwa, hakuna. Jikoni, hakuna. Daktari alikuwa akitembea nyuma yao amekumbatia kimkoba, na kila mlango uliofunguliwa bure ulimtoa rangi kidogo. Walipofika stoo, harufu ya dawa iliwawasha macho. Katoni zilipangwa mpaka darini, ukuta kwa ukuta, na kati yake palikuwa na kinjia cha mtu mmoja.

Safari hii Darubini alitangulia. Alipekua kama mtu aliyepoteza jino lake mwenyewe. Aligonga ukuta, akapiga magoti, akanusa, akapitisha kiganja juu ya katoni. Vumbi. Vumbi. Vumbi. Kwenye rundo la mwisho kiganja kilitoka safi.

"Sajini, hizo ni nzito," Muuza Dawa alisema kutoka mlangoni. "Utaumia mgongo. Zinabebwa na watu wawili."

Darubini aliishika ya juu, akavuta kwa nguvu zote. Nusura aanguke chali. Katoni ilikuja na mkono mmoja, nyepesi kama kofia. Ilikuwa tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu hakuivuta, aliipiga teke, na rundo zima likamwagika, na nyuma yake pakawa na mlango mfupi wenye komeo kwa nje.

Daktari alimpita kabla hajaligusa komeo.

Mkaguzi alikuwa amelala ubavu juu ya magunia, mikono imefungwa kwa kamba, mdomo umebandikwa plasta pana. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine karibu na mlango, kisigino kimevunjika. Daktari alipiga magoti, akaibandua plasta. Pumzi iliyotoka ilikuwa na harufu tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi.

"Mwalimu. Mwalimu, ni mimi."

Macho yalifunguka nusu. Yalikaa muda mrefu kabla ya kumtambua.

"Yu hai!" Daktari aliita, na sauti ikampasuka. "Leteni muuguzi, upesi!"

Muuguzi wa gari la wagonjwa aliingia akikimbia, akakipokea kile kimkoba, akamchoma dripu hapo hapo sakafuni na kuuliza maswali ambayo Daktari aliyajibu moja moja. Mkuu alisimama kando, akitazama magunia, kamba, komeo.

"Hakuhitaji silaha," alisema, kama anayejisemea. "Alihitaji kungoja tu. Ugonjwa umfanyie kazi, kisha mwili uokotwe mahali, na hospitali iandike kifo cha kawaida."

Muuza Dawa alikuwa amefungwa pingu uani, chini ya mbalungi. Lile tabasamu lilikuwa limemtoka, lakini lilianza kurudi alipomwona Mkuu akija na karatasi na kalamu.

"Afande, mimi mwenyewe nimeshtuka," alisema. "Maskini mama wa watu. Lakini stoo ile ina mlango wa uchochoroni, kufuli lake bovu, mtaa mzima unajua. Yeyote anayetaka kuniharibia angeweza kumwingiza. Yule mwenye kitalu ana ndugu, ana vibarua, na mimi ndiye niliyemtaja kwenu. Fikiria mwenyewe. Jambo moja tu nina hakika nalo: Jumanne mwanamke huyu hakuwemo humu. Na shahidi wangu si mtu wa mtaani. Ni sajini wako."

Mkuu aligeuka.

"Sajini. Sogea."

Darubini alisogea.

"Nisikilize vizuri, maana jibu lako naliandika na litasomwa mahakamani. Kama Jumanne mwanamke huyu hakuwemo, basi kuna watu wengine, na mwenye kitalu anarudi ndani leo hii, na ndugu zake watamfuata. Kama hukuingia, sema hukuingia. Nitakuvua hizo tepe mimi mwenyewe, lakini sema. Jumanne ulipekua stoo ile?"

Darubini alilamba midomo. Upande mmoja kulikuwa na kumwaga unga baada ya miaka yote ile, na kituo kizima kumcheka mpaka siku ya kufa. Upande wa pili kulikuwa na mtu mfupi wa viganja vipana aliyesimama uani mwa polisi akipunga hewa. Muuza Dawa alimtazama kwa huruma, karibu ya kindugu.

"Niliipekua, Afande."

"Uliona nini?"

"Katoni."

Muuza Dawa alifumba macho kama mtu aliyesikia wimbo aupendao. Kalamu ya Mkuu ilianza kuandika.

Wakati huo machela ilikuwa ikitolewa stoo, muuguzi mbele, Daktari nyuma ameinua chupa ya dripu. Ilisimama ghafla. Mkono uliokuwa juu ya shuka ulikuwa umeng'ang'ania mwimo wa mlango.

"Ngojeni," Mkaguzi alisema. Ilikuwa sauti ya karatasi. "Nani alikuwa anasema?"

"Sajini wetu, mama," Mkuu alisema. "Usijichoshe."

"Aseme tena."

Darubini alifungua kinywa. "Niseme nini, mama?"

"Inatosha. Ndiye."

Muuguzi alitaka kusukuma machela, lakini ule mkono haukuachia.

"Jumanne alikuwa hapo getini," Mkaguzi alisema. Alipumzika, akaendelea, macho yake yakiwa juu kwenye kijidirisha cha hewa. "Aliomba maji ya kunywa. Jua kali, alisema. Huyu bwana akamwambia, ndani hamna mtu, ingia utazame. Akasema hana haja, yeye akiona geti ameona nyumba. Wakacheka wote wawili."

Daktari alimmwagia tone la maji kwenye midomo.

"Nilikuwa napiga mlango kwa kiatu. Nilipiga mpaka kisigino kikavunjika. Akauliza, nini hicho kinachogonga? Akaambiwa panya." Alimeza mate ambayo hakuwa nayo. "Akasema, 'Panya wako wanavaa viatu, mzee.' Kisha akashukuru kwa maji, akaenda zake."

Mpira ulidondosha tone kwenye shina la mbalungi, kisha tone lingine. Muuza Dawa alikuwa amefumbua macho. Mkuu wa kituo alikata kwa mstari mmoja alichokuwa ameandika, akafungua ukurasa mpya, akauweka sawa juu ya kiganja.

"Haya, Sajini," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Tuanze upya. Jumanne."